Mama Nyumbu na Njia ya Bonde la Chumvi

Paukwa!
Pakawa!
Wa kule nyuma sijawasikia. Paukwa!
Pakawa!
Haya, kaeni vizuri. Mwenye mguu unaomuuma aunyooshe tu, hakuna wa kumkanyaga.

Hapo zamani za kale palikuwa na ziwa kubwa, na ndani ya ziwa hilo kisiwa cha mafunjo kinachoelea. Upepo ukivuma, kinakwenda. Upepo ukitulia, kinagota ufukoni. Wanyama walikipanda wakitembea ziwani kwa raha zao. Kikigota, wanashuka kutazama nchi. Upepo ukianza tena, kinaondoka. Hakimngoji mtu. Aliyechelewa amebaki.

Miongoni mwa abiria walikuwamo Mama Nyumbu na binti yake, Mashavu. Mama Nyumbu alikuwa mzee. Aliteguka nyonga zamani akivuka mto, na haikupona sawasawa. Akitembea, kwata-burr, kwata-burr. Mguu mmoja unakanyaga, mwingine unaburura.

Safari hii aliitaka kwa jambo moja. Huko mbele palikuwa na Bonde la Chumvi. Mama yake alimpeleka huko akiwa ndama, akalamba ile ardhi nyeupe. "Niilambe tena kabla sijafumba macho," alikuwa akisema.

Mwenye kuwatembeza wageni alikuwa Tumbili. Mcheshi, mkarimu, mwepesi kama unyoya.

Kisiwa kikagota mahali pa kwanza. Tumbili akaruka juu. "Jamani, leo tunapanda mlima kuona maporomoko! Ni hapo tu!"

"Mlima wenyewe ni mkali?" Mama Nyumbu akauliza.

"Mkali wapi, mama! Ukipepesa jicho umefika."

Wakaenda. Kwata-burr, kwata-burr. Mawe. Magogo. Jua, waa! Tumbili huyo, tawi hadi tawi: "Ni hapo tu! Ni hapo tu!" Wenzao wakatangulia, akabaki na Mashavu. Mama Nyumbu akafika kwenye jabali, akainua mguu, nyonga ikalia ka! Akakaa chini. Kupanda hawezi. Kushuka hawezi.

Mara majani yakatikisika. Fuu. Upepo!

Wenzao wakapita mbio kuteremka. Mama Nyumbu akasema, "Mashavu mwanangu, nenda. Usibaki kwa ajili yangu."

"Mama, nyamaza. Niegemee."

Akamwegemea. Wakashuka wakiteleza, wakihema, machozi yakiwatoka. Fuuu! Kisiwa kinaachana na ufuko. Wakajitosa majini, chubwi! Wenzao wakawavuta juu, wameloa chepechepe.

Mashavu akajikung'uta maji. "Basi, mama. Hushuki tena. Tukifika Bonde la Chumvi utabaki humu humu. Nitakuletea bonge la udongo mdomoni."

Mama aligeukia maji, akatazama, akatazama.

Kisiwa kikaenda, kikaenda. Asubuhi moja kikagota. "Bonde la Chumvi!" akaita Tumbili. "Ni hapo tu!"

Mama Nyumbu akainuka. "Mwanangu Tumbili, njoo. Sikulaumu. Kwako ni hapo tu, maana una matawi. Leo nakuomba jambo. Kanyaga chini. Kunja mguu mmoja. Nenda hivyo mpaka kwenye chumvi, kisha rudi uniambie."

Wanyama wakacheka, kwa kwa kwa! Tumbili naye akacheka. Kisha akamkumbuka mama yule alivyotolewa majini, kicheko kikamkauka. Akakunja mguu. Tii, tii, tii, akapotea vichakani.

Wakangoja. Mashavu hakuyaondoa macho kwenye majani ya miti.

Tumbili akarudi hana pumzi, vumbi mpaka masikioni. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Habari ya njia?"

"Si hapo tu, mama. Si hapo tu hata kidogo! Njia yangu ina majabali, nimeanguka nikabingirika. Lakini nilirudi kwa kuzunguka, nikaiona njia ya tembo. Ndefu, ila ni tambarare. Ina kivuli, na pa kujilaza pia papo."

"Na kwa mwendo wangu, upepo utanikuta wapi?"

Tumbili akajikuna, akafikiri. "Hapa upepo huanza jioni. Ukitoka sasa, wenzako wakiwa bado wanakula, utarudi mapema. Ukiwangoja, utachelewa."

"Basi ni sasa."

"Mama, na ukishindwa?" Mashavu akauliza.

"Nikishindwa tutageuka. Kugeuka si aibu, mwanangu."

Wakatoka watatu. Kwata-burr, kwata-burr. Tumbili alitembea chini, kando yao. Wakapumzika. Wakaenda. Wakapumzika tena. Miti ikaachana, na mbele yao nchi nzima nyeupe, pee!

Mama Nyumbu akasimama. Akainama polepole. Akalamba. Akafumba macho.

"Ndiyo yenyewe," akasema.

Mashavu akalamba kando yake, bega kwa bega, mpaka ndimi zikawasha.

Wakarudi taratibu. Majani kimya. Wakapanda, wakalala kwenye mafunjo, wakavuta pumzi. Baada ya muda mrefu ndipo upepo ukaanza, fuu, na kisiwa kikaondoka na abiria wake wote.

Mashavu akamsogelea mama yake. "Mama," akasema, "tukigota tena, tunashuka wapi?"

Basi, wadogo kwa wakubwa, "hapo tu" ya mwepesi si "hapo tu" ya mwenye maumivu. Uliza njia kabla hujatoka, wala usione haya. Nawe umpendaye mgonjwa, usimfungie ndani. Mtafutie njia anayoiweza.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliyechoka na ajinyooshe.