Kiti cha Siyo

Wanaotaka kisa waseme Ndiyo!

Sawa, nimesikia, masikio yangu bado yapo. Wasiotaka waseme Siyo!

Mbona kimya? Hata wewe Mbwana, mpinzani mkuu wa uji wa asubuhi? Haya. Waliosema Ndiyo wameshinda. Endeleeni kuchambua maharage, na mtu asiguse lile dumu. Maji yale ni ya kupikia.

Palikuwa na nchi, na nchi ilikuwa na watu, na watu walikuwa na kinywa kimoja. Nchi yenyewe iliitwa Ulenda. Chausiku, cheka umalize. Si mlenda wa bamia, ingawa kwa kuteleza walifanana. Mtemi wa Ulenda akisema neno, watu Ndiyo. Mtemi akipiga chafya, watu Ndiyo. Siku moja mtemi akasema, “Maghala tuyajenge bondeni, kwenye mchanga wa mto, ndiko kulikonyooka.” Watu wakasemaje?

Mnaona mlivyo wepesi!

Mvua ikaja. Mto ukarudi kwake. Maghala yakaenda, na mtama wa miaka mitatu ukaenda. Njaa ikaingia, wakazika watoto, wajukuu zangu, wakazika mpaka majembe yakaisha makali. Ndipo mzee mmoja aliyezika wanne akasimama mbele ya mtemi.

“Hivi katika sisi sote, hakuna aliyejua kwamba mto hurudi?”

Mvuvi akasema, “Mimi nilijua.”

Mfinyanzi akasema, “Na mimi nilijua.”

Mtemi mwenyewe akainamisha kichwa. “Hata mimi nilikuwa na wasiwasi. Lakini si mlisema Ndiyo?”

Basi wakachonga kiti. Mti uleule wa kiti cha mtemi, kimo kilekile, kikawekwa kutazamana nacho. Atakayekikalia, kazi yake ni kupinga. Si adui, watu wasije wakawadanganya. Ni yule anayemwambia mtawala, hapo umekosea, mimi ningefanya hivi, na siku watu wakikuchoka, mimi nipo. Alilishwa na nchi nzima, maana huwezi kubishana na mtu ambaye chakula chako kiko mkononi mwake. Na wakaweka sheria: jambo lolote lisipite mpaka Siyo isikike ndani ya ukumbi. Ndiyo hata elfu, bila Siyo, ni kelele tu.

Miaka ikaenda, ikaenda, ikaenda. Watemi wakaisha, likaja Bunge, akaja Spika na joho lake na nyundo yake, akaja Waziri Mkuu, vikaja viti vya kuzunguka na vipaza sauti. Kile kiti kikabaki, kikapewa jina la kisomi: Kiongozi wa Upinzani. Lakini wenye nchi wakazoea. Siyo ikawa kama bismillahi ya mlafi, inasemwa na mkono umeshafika kwenye pilau. Mpinzani anatoa sababu saa nzima, waheshimiwa wamelala fofofo, wengine wanachati. Karani anaandika neno moja tu: Siyo. Sababu haziandikwi. Nyundo, ko! Imepita.

Wakati huo kitini alikaa mama mmoja, Bi Sikudhani Mtengela. Mfupi, sauti ya mikwaruzo kama mlango wa zizi. Nyuma yake wabunge wanne tu. Wenzake upande wa pili walimwita Mama Siyo, wakimpita kantini wanamtania, “Mama Siyo, chai?” Naye anajibu, “Ndiyo, na andazi.” Wanacheka, anacheka nao. Kumbe kuna kitu alikuwa anakihesabu moyoni. Miaka tisa amesema Siyo, na hakuna hata moja iliyozuia chochote. Zote zimekuwa ufunguo wa mlango wao.

Ndipo ukaja muswada wa chemchemi ya Nyamwela. Chemchemi hiyo ilinywesha vijiji kumi na viwili, na katika kimojawapo ndiko alikozaliwa yeye. Serikali ikataka kuizungushia ukuta na kumpa mgeni mmoja, mwenye kiwanda cha maji ya chupa, kwa miaka tisini na tisa. Maendeleo, wakasema. Uwekezaji. Mwaliko maalumu, picha, makofi.

Spika akasimama. “Wanaoafiki waseme Ndiyo!”

Paa likatikisika.

“Wasioafiki waseme Siyo!”

Kimya.

Spika akakohoa. “Kiongozi wa Upinzani, tunakungoja.”

“Nawaona mnavyoningoja, Mheshimiwa Spika.”

“Basi sema.”

“Sina la kusema leo.”

Waziri Mkuu, bwana Kipindula, akaruka kama aliyekalia siafu. “Point of order! Mama, kwani unaunga mkono?”

“Siungi.”

“Unapinga?”

“Kwa roho yangu yote.”

“Sasa si useme, jamani!”

“Nikisema mtapitisha.”

Wajukuu zangu, Bunge zima liliachama. Wale wanne nyuma yake nao wakafumba midomo. Nyundo ikabaki hewani. Siku ya kwanza ikaisha hivyo. Ya pili, hivyohivyo. Wakamtishia, akanyamaza. Wakamwahidi ubalozi, akanyamaza. Waziri Mkuu akamwita pembeni, sauti imelegea, “Dada Sikudhani, tunaaibika mbele ya mgeni.” Akamjibu, “Mpe maji ya kunywa, kaka, kisha aende kwao.” Huko nje watu wa Nyamwela wamepanga ndoo tupu mbele ya lango la Bunge, hawapigi kelele, wanangoja tu. Siku ya tatu wakaanza kuimba. Mara ya kwanza katika umri wao kumwona mtu mmoja akiishika serikali nzima kwa ulimi usiosema.

Sasa serikali nayo ina wanasheria. Wakafungua kitabu, wakasoma: Siyo isikike ndani ya ukumbi. Haikuandikwa Siyo ya nani.

Na mjini palikuwa na binti mmoja. Ana digrii ya sheria, safi kabisa, first class, na miaka saba anazunguka na bahasha ya kaki mpaka pembe zake zimekuwa laini kama kitambaa. Kila ofisi anaambiwa tutakupigia. Nani kapiga? Nothing! Mchungu kama shubiri, ulimi wembe, kila jioni anawatukana wakubwa mbele ya redio, mpaka mama yake anamwomba apunguze sauti, majirani wanasikia.

Mtu akaja na suti. “Binti, una sauti?”

“Ninayo, na ya kukutukania wewe pia ipo.”

“Vizuri. Kesho kaa na wageni kule juu ukumbini. Spika akiuliza wasioafiki, sema kilichomo moyoni mwako. Jumatatu unaanza kazi.”

Unasema nini, Chausiku? Hakujua? Alisoma sheria, mwanangu. Alijua vizuri sana.

Kesho yake Spika akauliza. Kimya kikaja, kile cha Bi Sikudhani. Binti akasimama, miaka saba yote ikampanda kooni, akapiga ukelele: “SIYO!” Na ilikuwa Siyo ya kweli. Hakuna aliyewahi kuisema pale kwa hasira ya kweli kama ile. Ndiyo maana inauma.

Nyundo, ko! “Waliosema Ndiyo wameshinda.”

Bi Sikudhani akageuka, akatafuta juu kwa macho mpaka akampata. Hakumtukana. Alisema, “Mwanangu, una sauti nzuri. Ungekuja kukaa nasi huku.”

Basi. Akaokota mkoba wake, akatoka, akapita katikati ya zile ndoo.

Kazi? Ndiyo, Mbwana, kazi alipata. Walimpa kilekile kiti. Miaka kumi na mmoja alisema Siyo kila Alhamisi, kwa zamu, kwa mshahara, mpaka siku walipoona kwamba hata yeye hahitajiki, wakaiweka Siyo kwenye kinasa sauti. Baadaye kinasa kikaharibika, hakuna aliyekitengeneza, na mpaka leo muswada unapita kwa Ndiyo tupu kama enzi za maghala. Kiti walikipasua kuni za jikoni. Bi Sikudhani alikufa akiwa njiani, ndoo kichwani, anatoka kuteka mbali.

Jina la binti?

Lile dumu pale, wajukuu zangu, mmelibeba kutoka wapi? Saa tatu kwenda, saa tatu kurudi. Na ule ukuta mrefu mnaoupita njiani, wenye vigae vya chupa juu, mnajua nyuma yake kuna nini?

Jina lake mnaniita kila siku. Bibi.

Nilichotaka mkibebe ni hiki: mtu aliyewekwa kupinga, msikilizeni sababu zake, si ile Siyo peke yake. Na hasira yenu, hata ikiwa ya haki, mtu mwenye suti akija kuikodisha, mwulizeni kwanza anakwenda kufungulia mlango gani.

Kisa changu nimekiweka chini hapa. Wanaoafiki wamekwishasema. Asiyeafiki aseme, aseme na sababu. Nipo, leo nasikia.