Mkimbia na Maji

Mkimbia na maji hachoki. Mliisikia jana uwanjani, yule mama akimwambia mwanawe aliyekuwa akilia kwa kuwa wa mwisho, nanyi mkaja kuniuliza ni maji gani hayo na uwanja wenyewe mkavu. Kaeni basi. Methali hii ilianza hivi, huko milimani Upare.

Huko watu walilima kwa maji ya ndiva, yaani bwawa dogo la mawe na udongo lililojengwa juu ya kijiji. Maji ya kijito yalijaa humo usiku kucha, na alfajiri mlango wake ulizibuliwa, yakateremka kwa mfereji mpaka mashambani. Watoto walikuwa na kazi yao: kukimbia kando ya maji, wakiondoa majani na vijiti ili maji yasikwame, huku wakiita, "Yaja, yaja," ili wenye mashamba wajiweke tayari. Mwiko ulikuwa mmoja tu, kuyapita maji. Aliyeyapita alichekwa akarudishwa nyuma, maana pale maji yanapokwama huwezi kupajua mpaka yafike. Kwa hiyo hapakuwa na wa kwanza wala wa mwisho. Wote walifika na maji.

Bwana mmoja, Kajiru, alikuwa na binti aitwaye Niwaeli. Mtoto huyo aliupenda mfereji kuliko chai. Alishuka na wenzake sketi ikiwa imefutikwa kiunoni, akarudi na matope mpaka masikioni, anacheka.

Siku ya michezo shuleni, Niwaeli aliwaacha wenzake wote mbali. Alipoikaribia kamba ya mwisho akasimama, akageuka kuwatazama. Mwenzake akampita, akachukua kombe. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kajiru hakucheka.

"Ulisimama kwa nini?" alimwuliza njiani.

"Nilikuwa nawangoja, baba. Si tulikuwa tunakimbia pamoja?"

"Mbio hazina kungojana. Kuanzia kesho mfereji basi. Maji hayatoi kombe."

Tangu hapo Niwaeli akawa anakimbia peke yake barabarani kila asubuhi, baba amesimama juu ya kilima na fimbo yake, akimwambia, "Jifanye kuna mtu mbele. Mpite huyo." Sauti za wenzake zilipanda kutoka bondeni, "Yaja, yaja." Akigeuza shingo, baba alikohoa.

Mwaka uliofuata alishinda shuleni, akashinda na wilayani. Kombe likawekwa juu ya kabati, likafunikwa kitambaa cha kufuma. Sokoni watu walimtania Kajiru kwa kumwita Baba Kombe, naye akaitika kwa furaha.

Kisha mkoani Niwaeli akawa wa nne. Kajiru hakumpiga wala hakumtukana. Hakumsemesha tu, toka uwanjani hata nyumbani, na mtoto akamfuata nyuma, viatu mkononi. Asubuhi alipoitwa, hakutoka.

"Nimeshindwa, baba," alisema kutoka ndani. "Basi mbio zimekwisha."

Kajiru akadhani ni hasira za kitoto, zitapoa. Hazikupoa. Hata mferejini hakurudi.

Miaka ikapita. Niwaeli akaolewa kijiji hichohicho, akawa fundi wa kushona, akashinda kwenye cherehani tangu asubuhi mpaka jioni. Presha ikamwingia angali kijana. Akipanda kwenda kumsalimu baba yake alikuwa akisimama njiani, mkono kifuani. Daktari akampa dawa, akamwambia na mwili nao uchangamke, atembee, akimbie hata kidogo.

Kajiru alipopata habari hizo hakulala vizuri. Alfajiri alikuwa mlangoni kwa binti yake.

"Twende mferejini, mwanangu. Leo wanafungua ndiva."

"Kufanya nini, baba?"

"Kukimbia, kama zamani. Mimi nitakuja nyuma na mkongojo wangu."

"Baba Kombe awe wa nyuma?" Niwaeli akatabasamu kidogo, akajifunga khanga.

Walipofika, maji ndiyo kwanza yanatoka. Wanawake aliokua nao tangu utotoni walikuwa pale na watoto wao, majembe begani, na bado walikimbia na maji kila zamu yao ilipofika.

"Niwaeli, shemeji kakuachilia leo?" mmoja wao, Nakiete, akamtania. "Njoo, mama, maji hayana haraka."

Akaanza nao vizuri. Hatua chache tu, jicho likaanza kwenda pembeni kuona nani yuko mbele. Akampita Nakiete. Akampita na mwingine. Akayapita maji yenyewe, hata pumzi ikamkatika, akakaa ukingoni akihema. Maji yakamfikia, yakaendelea, na wenzake wakaendelea nayo.

Kajiru akafika, akaketi kando yake.

"Sijui tena kukimbia na mtu, baba," Niwaeli alisema. "Najua kumpita tu."

Mzee akatega sikio. Kutoka bondeni sauti za wale wanawake zilisikika, wanaita na kucheka, wala hakuna aliyekuwa akihema.

"Wale hawachoki," alisema. "Mkimbia na maji hachoki. Nami ndiye niliyekutoa kwenye maji."

Niwaeli alitembea kila asubuhi tangu siku ile, kwa kuwa daktari alisema. Alitembea kama mtu anayekunywa dawa chungu. Ile raha ya utotoni haikumrudia. Na Kajiru, kila siku ya michezo shuleni, akimwona mzazi anamnunia mtoto aliyeshindwa, alimsogelea akamwambia maneno yaleyale, mpaka watu wakayashika wakayasema hata yeye alipokuwa hayupo tena.

Basi yule mama wa jana hakuwa akimbembeleza mwanawe anyamaze. Alikuwa akimwombea miguu yake idumu naye mpaka uzeeni. Mkimbia na maji hachoki.