Biti Mpya Iliwekwa Kwenye Mninga

Wa huko nyuma mnanisikia? Haya. Leo nina mfano wa fundi seremala, na mniwie radhi nikichelewa kumfikia, maana likitajwa neno seremala tu, namsikia baba yangu. Baba alipasua mbao msituni kwa msumeno wa watu wawili, na kila asubuhi, kabla ya uji, tuliamshwa na tupa ikinoa meno: kwii, kwii, kwii. Mama akilalamikia kelele, baba alimjibu taratibu kwamba avumilie, kila mtu ana wimbo wake wa asubuhi. Siku hizi hata kengele ya kanisa hainiamshi vile.

Enhe. Kulikuwa na fundi seremala mmoja, katika mji wa mbao kama huu wetu, ambako hata upepo unanukia paini. Alianza na randa na patasi, halafu akanunua kimashine cha kuchonga, kidogo cha kukaa mezani. Mimi sikusoma, naeleza nilivyokiona: unachora ua kwenye kompyuta, na jino lililo chini ya mota linazunguka na kulifuata ua lile kwenye ubao, bila mkono wa mtu. Jino hilo mafundi wanaliita biti. Linatoka, unaweka jingine.

Fundi alikuwa na biti mbili. Moja mpya, bado ina mafuta ya dukani. Nyingine ilikuwa imechonga milango tangu Pasaka.

Wiki hiyo akapata wateja wawili. Wa kwanza alikuwa mkandarasi mwenye sauti kubwa, na mlango wa mninga. Alisimama pale kizingitini na kutangaza kwamba maua yakitoka na kasoro, jina la fundi litajulikana barabara nzima. Wa pili alikuwa mama mshonaji, mpole, mtu wa kupiga hodi mara tatu na bado anasubiri nje. Alibeba bonge la povu gumu jeupe, lile linalozungushiwa friji ndani ya boksi. Alikuwa ameliomba dukani, na bonge kubwa namna ile walikuwa nalo moja tu.

Shida yake aliieleza kwa sauti ya chini. Mama yake amepooza upande mmoja. Akikalishwa, anaangukia kushoto. Zamani ndiye aliyeongoza sauti ya pili kwenye kwaya, na watu wa rika langu mnazijua sauti za akina mama wale, walioimba bila kinanda na nyumba ikajaa. Sasa alikuwa anaomba jambo moja: akae kanisani Jumapili ya Mavuno, asikie nyimbo. Povu likichongwa kufuata mgongo na mbavu zake, lingemshika. Vipimo huyu binti yake mshonaji alikuwa amevichukua kwa futi yake ya kushonea. Na Mavuno ilikuwa Jumapili ya wiki hiyohiyo.

Niambieni basi. Ninyi biti mpya mngeiweka wapi?

Fundi aliiweka kwenye mninga. Hata mimi ningefanya hivyo. Mninga ni mgumu, na mwenyewe mkali. Povu hata ukucha unalikwangua. Mlango ukatoka safi, mkandarasi akauchukua bila hata kusema asante. Jumamosi fundi akaifungua biti mpya, akaifuta kwa kitambaa, akaiweka kando isije ikaharibika bure. Akarudisha ile ya zamani, akabana povu mezani, akawasha.

Jamani, biti haikukata. Ilinyofoa. Vipande viliruka kama bisi, kingo zikachanika, na katikati povu likashika joto, likayeyuka na kunata kwenye jino. Mpaka fundi anazima, mahali pa kushika mbavu palikuwa shimo.

Mama mshonaji alipofika kuchukua kazi yake, fundi akamwambia povu lenyewe ni bovu, la kufungashia tu. Yule mama hakubishana. Aliomba aoneshwe lile jino, akaligusa kwa kidole gumba, kama anavyogusa mkasi wake.

"Fundi, hili limechoka."

"Limechoka wapi, mama? Juzijuzi hapa limechonga mlango mwingine wa mninga."

"Kwenye mninga lilipita kwa nguvu ya mota. Hata mkasi wangu ukiisha makali, khaki naikata tu, nakaza mkono. Nikishika hariri, unaitafuna. Kitu kigumu kinakufichia ubutu wako, fundi. Kilaini hakiwezi."

Akakunja karatasi yake ya vipimo, akaaga.

Fundi alizunguka maduka wiki tatu mpaka akapata bonge jingine. Safari hii aliweka biti mpya, na povu likatoka laini kama sabuni iliyonawiwa. Alilipeleka mwenyewe. Wakamkalisha bibi, naye akakaa, hakuanguka. Akatazama dirishani kidogo, akamwuliza bintiye, "Kwaya wameshaimba?"

"Wameshaimba, mama."

Fundi hakuwa na pa kuyaweka macho.

Na sisi je? Mtu mkali tunamwandalia maneno mazuri tangu njiani. Mwenye nyumba, ofisa wa kata, wifi mwenye mdomo, hao wote tunawapelekea makali yetu mapya. Kisha tunarudi kwa wapole wetu, tunawachonga kwa kilichobaki. Tunasema huyu hana neno, huyu ataelewa. Nani katuambia mpole haumii? Anaumia, ila hapigi kelele.

Mume wangu alikuwa mtu wa namna hiyo. Miaka ishirini niliuza ndizi sokoni, na wateja wangu wote walikuwa "kipenzi" na "bosi wangu." Nikifika nyumbani, yeye akaniuliza, "Umechoka, mke wangu?" nilimjibu, "Si unaona?" Hakuwahi kunirudishia neno. Nami nikadhani ni kwa sababu hapakuwa na kidonda. Leo ningependa aniulize tena, mara moja tu. Jibu zuri ninalo, lina miaka tisa, na sina wa kumpa.

Ninyi wenu wako nyumbani, bado wanauliza. Kwa hiyo leo sirefushi. Nendeni mkawajibu.