Kibao Nyuma ya Kochi

Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Methali hii haimlaumu mwambaji. Inaeleza tu jinsi mikono ifanyavyo kazi. Lawama huanza pale mtu anapovuta huku akiapa kwamba anamsaidia mwenye ngozi.

Muuguzi mmoja wa wodi ya watoto njiti alipata nafasi ya kusomea ubingwa. Jibu la fani atakayoichagua lilitakiwa kabla ya wiki kwisha, naye alijua anachokitaka. Kwa miaka mingi alikuwa amewalea watoto wanaoenea kiganjani, na si mara moja alisimama kando ya mashine ya joto, mtoto akigeuka buluu, akimsubiri daktari aje kuweka mpira wa kupumulia. Kuuweka alijua. Ruhusa hakuwa nayo. Ubingwa wa watoto wachanga ungempa ruhusa hiyo.

Matroni alimwita ofisini, akafunga mlango.

"Mwanangu, kasomee dawa za usingizi. Chumba cha upasuaji kinamtaka mtu kama wewe. Una mikono mitulivu."

"Asante, mama. Ila mashine za figo zilipoletwa, ulimwambia mwenzangu akasomee figo. Naye ulimwambia ana mikono mitulivu."

Matroni akazipanga upya kalamu zilizokuwa zimepangika. "Mtoa usingizi wetu anastaafu. Unataka nifunge upasuaji?"

"Hapana. Nilitaka uniambie hivyo tangu mwanzo."

Alitoka akiwa amekunja uso. Kuombwa msaada hakukumuudhi. Kilichomuudhi ni kuvishwa kilemba cha ukoka.

Jioni alipita kwa kaka yake, mfanyabiashara aliyekuwa akimalizia kujenga zahanati.

"Ukunga, dada," kaka alisema kabla hajaulizwa. "Tangu utotoni una moyo wa kulea. Umeumbiwa kazi hiyo."

"Utotoni nilikuwa napanda miti, na wewe unalia chini ukinitaka nishuke."

Wifi yake, aliyekuwa akifagia sebuleni, akacheka na kusogeza kochi. Nyuma ya kochi kulikuwa na kibao kipya chenye mshale mwekundu: MKUNGA BINGWA YUPO.

Muuguzi alikisoma mara mbili, akamgeukia kaka yake. "Umekichoresha lini?"

"Mwezi uliopita. Fundi alikuwa na punguzo."

"Kwa hiyo nimehitimu kabla sijachagua."

"Usinikasirikie. Naangalia maslahi yako."

"Maslahi yangu yanakaa kwenye zahanati yako?"

Kaka akanuna. "Na wewe je? Hao njiti si ndio unaowapenda? Unavutia kwako vilevile."

"Navutia kwangu," alijibu. "Lakini ngozi ni yangu, na sijamdanganya mtu kwamba nahangaika kwa ajili yake."

Kesho yake alipeleka jibu: watoto wachanga. Matroni alilisoma akiwa amesimama.

"Sasa wa usingizi nitamtoa wapi?"

"Waambie wauguzi wote ukweli kwamba nafasi itakuwa wazi, mama. Anayeitaka atajitokeza."

Alijitokeza muuguzi wa chumba cha upasuaji, ambaye siku zote alikuwa akiitamani kazi hiyo na hakuna aliyewahi kumuuliza. Kaka naye alikigeuza kibao chake, akaandika upande wa pili: ANAHITAJIKA MKUNGA. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kibao hicho kusema kweli.

Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Asiyeishika yake ataikuta imewambwa kwenye ngoma ya mwingine.