Isale la Ndekirwa

Kaeni chini, wageni wa mwaka wa kwanza, nanyi mnaoijua habari hii nyamazeni wenzenu wasikie. Enzi zile Chuo cha Kilimo Marumeni kilikuwa mabweni mawili ya mbao na shamba la mahindi, na mpira wenye ncha mbili ulikuwa haujaonekana mlimani. Ndipo alipokuja Ndekirwa mwana wa Sifaeli, mjukuu wa Mashingia Mpanda-Masale, yule aliyeitwa kila ndugu walipogombea mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, na pale alipopanda isale, mmea wa mpaka usiong'olewa na mtu, maneno yalikwisha. Ndekirwa Bega-la-Jabali alibeba mkungu wa ndizi kila upande asihemewe. Sifa pia alizipenda, tena sana, tusimfanye malaika.

Mchezo aliuleta Mwalimu Elineema kutoka masomoni ng'ambo. Akawafundisha kwamba timu hupewa nafasi nne za kusogeza mpira hatua kumi, kwamba anayevuka mstari wa mwisho na mpira huipatia timu pointi sita, na kwamba goti la mbebaji likigusa ardhi, safari yake imeishia hapo. Lakini pa kuchezea hapakuwapo. Mkuu wa chuo, Mzee Kiwelu, aliyependa mahindi kuliko watu, akawaazima shamba la juu kwa msimu mmoja, akatamka mbele ya wote: "Mkileta kombe, uwanja ni wenu na wa wajukuu wenu. Mkilikosa narudisha mahindi yangu, na nisisikie kilio cha mtu."

Wakang'oa mabua kwa mikono, wakasokota kamba ya katani ya kupimia hatua kumi. Mechi ya kwanza walicharazwa hata watazamaji wakaona haya kwa niaba yao, na ya pili hivyo hivyo, ila baada ya hapo Ndekirwa akajifunza kukimbia ameinama, akawa anaburuta wanaume watatu mgongoni kama mtu arudiye na majani ya ng'ombe, na mechi tano zikafuatana bila kushindwa. Akina mama waliacha ndizi zao sokoni waje kumwona. Naye alijua wanamwona.

Siku ya fainali walikutana na Chuo cha Ufundi Sangeni, hapa hapa kwenye shamba la juu. Ukungu ulishuka hadi mabegani. Marumeni walikuwa nyuma kwa pointi nne, imebaki nafasi moja tu, ya nne na ya mwisho. Ndekirwa akapokea mpira, akapasua katikati, akawaacha wanne chini. Na hatua moja kabla ya mstari akateleza. Goti la kushoto likagusa tope, kwa muda wa kufumba jicho tu. Akainuka, akavuka. Filimbi ikalia, uwanja ukalipuka kwa vigelegele, na Mwalimu Elineema akalia machozi hadharani.

Hakuna aliyeona. Ndekirwa akageuka nyuma, akakiona kishimo cha goti lake kikianza kujaa maji, akamkumbuka babu yake. Akaogopa, nawaambia kweli, kuliko alivyowahi kuwaogopa Sangeni.

Akamwendea mwamuzi. "Goti langu liligusa. Pale."

"Mimi sikuliona, kijana."

"Mimi nililihisi."

Kombe likaenda Sangeni. Wenzake wakamwambia, "Umetuuza, Ndekirwa," na hakuna aliyekula naye jioni ile.

Kesho yake alichukua jembe mwenyewe, akapanda mahindi ya Mzee Kiwelu mstari hadi mstari, isipokuwa mahali pamoja, pale goti lilipogusa. Hapo alipanda isale. Kisha akashika njia ya juu ya mlima. Wengine husema alivuka upande wa pili, wengine husema ukungu ulimficha. Ninachojua ni kwamba hakurudi.

Mahindi hayajachipua, Sangeni wakaja, kombe mkononi. Nahodha wao, Mkindi, alikuwa ameshika jani la isale, na mlimani kwetu anayepelekewa jani hilo hana ruhusa ya kukataa anachoombwa. Akapiga goti: "Mzee wetu, asiyekubali kushindwa si mshindani. Ndekirwa alikubali wakati sisi tulipokuwa tumeshashindwa. Tunaomba uwape uwanja, mwakani tucheze na watu hawa."

Mzee Kiwelu alilipokea jani. "Sawa," akasema. "Lakini acheni nivune kwanza."

Ndiyo maana kuna kichaka ndani ya uwanja wetu, na wageni wakitucheka tunawaacha wacheke. Na ndiyo maana mbebaji wa Marumeni akianguka hangoji filimbi, huweka kiganja pale goti lilipogusa na kusema, "Hapa."

Mama yake Ndekirwa aliletwa kwenye mechi ya kwanza ya msimu uliofuata. Miezi yote ile alikuwa akiuliza kila mpita njia kama amemwona mwanawe. Alikaa akitazama mpaka kijana mmoja alipoangushwa, akaweka kiganja topeni, akasema, "Hapa." Kisha wa pili. Kisha wa tatu. Mama akajifunga kanga vizuri, akainuka kurudi nyumbani, na tangu siku ile hakuuliza tena.