Injini Mbili za Bwana Kiyungi

Bwana Kiyungi, tajiri aliyekuwa akiimezea mate karakana ya Kalunde, aliingia humo asubuhi moja na injini mbili ndogo za mvuke, kila moja ikienea kiganjani. Majirani wakamfuata.

"Moja ni ya kale, ina miaka mia," alisema. "Nyingine ni nakala, imeundwa mwaka jana. Wewe si unajiita fundi wa injini ndogo? Nionyeshe ya kale. Ukiipatia, ni yako. Ukikosea, karakana hii ni yangu."

"Nimekubali," alisema Kalunde. "Majirani, mmesikia?"

"Tumesikia!"

Kalunde alizigeuzageuza, akazinusa, akazungusha magurudumu yake. Zilifanana hadi mikwaruzo.

"Umeshindwa!" alicheka Bwana Kiyungi.

"Bado, bwana. Ngoja nizitazame kwenye mwanga."

Alizibeba, moja kila mkono, akaelekea mlangoni. Mara akajikwaa.

"Mama yangu wee!" alipiga ukelele, na injini zote mbili zikaruka juu.

Bwana Kiyungi alitupa fimbo yake, akaruka mzimamzima na kitambi chake, akajibwaga sakafuni akiwa ameidaka moja kwa mikono miwili. Nyingine ilianguka karibu na sikio lake, ikavunjika vipande vipande. Hakuigeukia hata kidogo. Alikuwa akiibusu ile aliyoidaka.

Kalunde alijipangusa vumbi, akainama, akamnyooshea mkono.

"Ya kale ni hiyo uliyoidaka, bwana. Nipe."