Taji la Kabula

Hapo zamani, na msinikunjie uso, maana zamani yenyewe si ya mbali, simu zilikuwa zimeshajaa mifukoni, palikuwa na mwalimu mmoja jina lake Atuganile. Alifundisha kemia. Alikuwa na wanafunzi wengi kuliko mwalimu yeyote mnayemjua ninyi, na hakupata kumwona hata mmoja.

Mtauliza, inakuwaje? Alifundisha kwa video. Mjini Lufita kulikuwa na kituo cha watu waliokatishwa shule na maisha: aliyepata mimba, aliyekosa ada, aliyebaki nyumbani kuuguza. Hao walisoma huko huko kwao, kwa simu. Mwalimu Atuganile aliingia kila asubuhi kwenye chumba kisicho na dirisha, kuta zimetundikwa mablanketi ili sauti isivume, akasimama mbele ya kamera na kusema, "Hamjambo, wanangu?" Nani amjibu? Kamera? Alinyamaza kidogo, kama mtu anayesubiri salamu yake irudi, kisha akaendelea na somo.

Jioni alirudi nyumbani, nako kimya. Mwanawe wa pekee, Lusajo, alikwenda kutafuta maisha nchi za watu. Mwanzoni alipiga simu, baadaye akawa anatuma ujumbe, mwishowe hata ujumbe ukakauka. Mama alisonga ugali wa mtu mmoja, na ugali wa mtu mmoja, jamani, haukadiriki. Kila siku ulibaki.

Pale kituoni alikuwa na wenzake wawili. Wa kwanza ni Nsajigwa, mhariri, kazi yake kukata na kuunga video. Wa pili ni Pendael, mchambuzi. Huyu alikaa mbele ya kompyuta iliyomwonyesha watazamaji wamefanya nini: huyu kasimamisha hapa, yule karudia pale, wale wamekimbia. Yote hayo yalitokea kama mstari unaopanda na kushuka. Na Pendael si mtu wa mchezo, nawaambia. Ndiye aliyegundua kuwa wanafunzi wanaukimbia utangulizi mrefu; ukafupishwa, wakabaki. Ndiye aliyeona wanasimamisha video ili wanakili majedwali, akaagiza majedwali yakae zaidi kwenye kioo. Masomo yakawa matamu.

Basi siku moja Mwalimu yuko katikati ya hesabu za moli, umeme ukakatika. Giza totoro. Nsajigwa akatoka kwenda kuwasha jenereta. Sasa sikilizeni hapa vizuri. Lusajo alipokuwa mdogo aliogopa giza, na kila umeme ulipokatika nyumbani, mama yake alikuwa na maneno ya kumtuliza, yale yale siku zote. Mle chumbani, gizani, maneno yale yakamtoka yenyewe:

"Upo? Mimi nipo. Usiondoke kwanza, mwanangu. Tukae kidogo, umeme utarudi."

Nani amjibu? Kamera? Lakini kamera ilikuwa na betri yake, ilikuwa inarekodi, ikayachukua maneno yote. Umeme uliporudi, Mwalimu akafuta macho, akamalizia hesabu. Alipojua kuwa sauti yake imeingia, aliona aibu mpaka akainamisha kichwa.

"Nsajigwa, baba, kile kipande kitoe," alisema. "Watu watasema mama wa watu kachanganyikiwa."

"Usijali, Mwalimu. Kitatoka."

Hakukitoa! Alisema ndiyo, akakiacha, na video ikaenda kwa wanafunzi na giza lake na sauti yake.

Huko mbali, kwenye mashamba ya pamba, aliishi binti aitwaye Kabula. Aliacha shule kumuuguza mama yake aliyepigwa na kiharusi. Mama alikuwa hai, lakini ulimi ulikuwa umefungika. Kabula aliongea, mama akamtazama. Kabula akauliza, mama akamtazama. Majirani walikuja mwanzoni, wakachoka, wakaacha. Jioni, mgonjwa akishalala, binti alifungua video za kemia na kuhangaika nazo. Alikuwa ameshaanza kukata tamaa. Jioni hiyo kioo kikawa cheusi, akadhani simu imezima, mara akasikia mtu anamuuliza, "Upo?"

"Nipo," akajibu, kwa sauti kabisa, peke yake mle ndani.

Akarudisha nyuma. "Upo?" "Nipo." Akarudisha tena. Ikawa ndiyo desturi yake: kwanza aulizwe kama yupo, ajibu, kisha asome. Na akisoma baada ya hapo, hesabu zilimwingia.

Kule kituoni Pendael akaona mstari umevimba nundu. Watu wanarudia hapo, na mmoja anarudia kupita wote. Akasema, "Hesabu za moli zimewashinda. Turekodi upya, fupi, safi." Aliutazama mstari. Video yenyewe hakuifungua. Mwalimu naye, aliyeamini kile kipande kilishatupwa zamani, akarekodi somo jipya, na kwa kweli lilikuwa zuri kuliko la kwanza. Video ya zamani ikaondolewa. Nundu ikatoweka. Ofisi nzima wakapiga makofi, wakanunuliwa soda.

Pendael alikunywa soda yake, lakini haikumshuka vizuri. Akaunti moja iliyokuwa ikiingia kila jioni ilikuwa imenyamaza. Wenzake wakamwambia, "Wewe nawe! Katika watu wote hawa, mmoja tu?" Hakusikia la mtu. Akatafuta namba, akapiga.

"Kaka," sauti ya msichana ikamuuliza, "yule mama mmempeleka wapi?"

"Mama gani? Mwalimu yupo. Tena somo jipya ni zuri zaidi."

"Sina shida na somo. Namtaka yule wa gizani, anayeniuliza kama nipo."

Pendael akakata simu. Alikwenda kwa Nsajigwa, naye akafungua kabati, akatoa diski yenye ile video ya zamani aliyoambiwa aifute na hakuifuta. Wakaitazama wawili, hakuna aliyemwangalia mwenzake. Siku ile ile wakairudisha, na jioni ile ile akaunti ikaamka.

Walipomweleza Mwalimu, walitegemea atafoka. Alikaa chini, akasema, "Kumbe kulikuwa na mtu." Akalia. Alilia kwa furaha na kwa uchungu pamoja, maana miaka yote ile alikuwa anasalimia blanketi.

Kabula akafanya mtihani, akafaulu, akapata nafasi ya chuo cha uuguzi. Ikafika siku ya mahafali. Pale kituoni kuna desturi: mzazi hulishwa keki, lakini kila mhitimu hupewa taji moja, lile la karatasi zinazometameta, amvishe shingoni mtu mmoja wa kituo aliyemfikisha. Kwa kuwa wanafunzi wengi walikuwa mbali na hawakuja, Mwalimu Atuganile hakuwahi kuvishwa. Mwaka huu alisikia Kabula yuko njiani. Asubuhi alivaa, akajitazama, akavua mkufu wake, akaacha shingo wazi.

Kabula akaitwa mbele, taji mkononi. Alimtambua Mwalimu kabla hajaonyeshwa, akamsogelea, akapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, nikuulize kitu. Pale gizani, ulikuwa unaniuliza mimi?"

Mwalimu angeweza kusema ndiyo. Nani angembishia? Taji lenyewe lilikuwa limeshamgusa mkono.

"Hapana, mwanangu," akasema Mwalimu. "Nilikuwa namuuliza mtoto wangu, Lusajo. Sikukujua. Na maneno yale niliagiza yatupwe, niliyaonea haya. Lakini ni yangu, yametoka kwangu, sikuyasoma popote. Mtoto niliyemuuliza hakujibu. Uliyejibu ni wewe."

Nsajigwa akasimama. "Mwalimu namheshimu, lakini kama angesikilizwa, Kabula angesikia nini? Mimi ndiye niliyeyaacha. Niliambiwa kata, sikukata. Niliambiwa futa, sikufuta. Nilimdanganya mama wa watu, ndiyo, na mwisho wa mwezi nalipwa mshahara ili nitii. Lakini nilipoisikia ile sauti mkono ulikataa."

"Mkono ulikataa au ulichoka?" mtu mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, watu wakacheka. Nsajigwa hakucheka.

Pendael naye akasimama, macho yamemwiva. "Mimi ndiye niliyemnyang'anya. Nisianze na uongo. Niliona amerudia, nikasema hajaelewa, sikufungua nitazame. Lakini alipoondoka, nani aliona? Mwalimu alikuwa anaongea na kamera. Nsajigwa alikuwa anakata video nyingine. Maneno yalikuwa kabatini yamekaa, hayamsaidii mtu. Watu wote walisema mmoja si kitu. Mimi nilisema mmoja ni mtu, nikapiga simu."

"Ungefungua video mapema usingehitaji kupiga simu," Nsajigwa akamjibu.

"Nawe ungesema ukweli mapema, ningejua kilichomo!"

Mkuu wa kituo akawanyamazisha, akamgeukia Kabula. "Binti, taji ni lako. Mvishe umtakaye."

Kabula akasimama katikati yao. Akamtazama aliyesema bila kumkusudia. Akamtazama aliyeyaacha maneno kwa kudanganya. Akamtazama aliyemnyang'anya akamtafuta. Mwalimu Atuganile hakumwangalia mtu. Alikuwa ameshika shingo yake wazi, kama anayeikinga na baridi.

Haya, semeni. Na asiniambie mtu ligawanywe, taji la karatasi ukilikata linamwagika lote sakafuni. Binti bado amesimama, mikono imeanza kumchoka, na kuna mtu anayengoja kujibiwa. Je, nani alistahili?